Kidole kusoma 99 si kusema damu inatosha

Nimelisikia tena wiki hii: "Daktari, kipimo cha kidoleni kimesoma 99, kwa hiyo damu yangu iko sawa." Aliyesema hivyo alikuwa anahema baada ya kutembea hatua ishirini tu. Nikamvuta kope la chini, ndani kweupe. Viganja vimepauka. Moyo unapiga mara 120 kwa dakika. Majibu ya maabara: himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, gramu 5 kwa desilita (mililita 100).

Jamani, kile kipimo kinamulika kidole na kusoma jambo moja tu: katika himoglobini uliyo nayo, asilimia ngapi imebeba oksijeni. Kama uliyo nayo ni nyingi au ni kidogo, hakijui. Gramu moja ya himoglobini ikijaa hubeba takribani mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 14 husafirisha kama mililita 18 katika kila mililita 100 za damu. Mgonjwa wangu, pamoja na 99 yake, hafikishi hata 7. Moyo ulikuwa unakimbia ili kufidia pengo hilo. Ukiona unachoka ovyo, unahema, umepauka, nenda kapime wingi wa damu. Usiniletee kidole peke yake.

Dai jingine ninalolisikia: "Damu ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) ni ya bluu." Hapana, ni nyekundu iliyokolea. Ubluu unaouona unatokana na jinsi mwanga unavyopita kwenye ngozi. Wala hairudi mapafuni ikiwa tupu: kwa mtu aliyepumzika, himoglobini yake bado imejaa kama asilimia 75.

"Himoglobini ikishika oksijeni kwa nguvu zaidi ndiyo bora." Hili nalo linaniudhi, maana kazi yake ni kushika na kuachia. Kila molekuli ina nafasi nne, na oksijeni ya kwanza ikikaa, zinazofuata hupata wepesi. Mapafuni, kwenye shinikizo la oksijeni la milimita 100 hivi za zebaki, zinajaa karibu zote. Kwenye tishu shinikizo hushuka hadi 40 hivi, nazo zinaanza kuachia. Msuli unaofanya kazi una joto, asidi na kabonidioksidi nyingi, na vyote hivyo vinalegeza mshiko, kwa hiyo penye njaa zaidi ndipo panaposhushwa mzigo mkubwa zaidi. Athari hiyo ya kabonidioksidi mwanafiziolojia wa Denmark, Christian Bohr, na wenzake waliieleza mwaka 1904.

Anayetaka kuona ubaya wa mshiko usiolegea aitazame kabonimonoksidi, ile hewa ya mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa. Hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na oksijeni iliyobaki kwenye nafasi za jirani nayo haitoki kirahisi. Kipimo cha kidoleni cha kawaida hakiwezi kutofautisha hewa hizo mbili. Aliyetolewa kwenye chumba cha namna hiyo anaweza kusoma 98 huku ubongo wake unakosa oksijeni. Mtoeni nje na mumkimbize hospitali akapewe oksijeni, kipimo kisome kitakachosoma.