Utuaji wa uchafuzi wa hewa ni nini?

Vuli inapoanza Mwanza, wengi hawakingi maji ya mvua ya kwanza. Yanatoka kwenye bati yakiwa na rangi ya chai, yamebeba vumbi, masizi na majivu yaliyotua huko kiangazi chote. Huko kutua ndiko tunakokuzungumzia: vitu vilivyo hewani kurudi ardhini, ama vikiwa vikavu, ama vikishuka na mvua na ukungu. Msitu hunasa zaidi ya uwanja mtupu, maana majani yake ni mengi na upepo hupita katikati yake.

Kinachosumbua udongo wa msitu hasa ni salfa na naitrojeni kutoka kwenye moshi wa makaa ya mawe, magari na mashamba yanayochomwa. Hewani hugeuka asidi. Zikifika ardhini, asidi hizo huing'oa kalsiamu na magnesiamu iliyoshikiliwa na chembe za mfinyanzi, na mvua huisomba hadi kwenye vijito. Nafasi yake huchukuliwa na alumini, ambayo ikiyeyuka huumiza mizizi. Naitrojeni ni mbolea, kwa hiyo mwanzoni miti huifurahia. Ikizidi mahitaji ya miti na vijidudu vya udongoni, ziada huvuja ikiwa naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, na kuondoka na kalsiamu zaidi.

Msitu wa Hubbard Brook, Marekani, umechunguzwa tangu 1963. Hasara ya kalsiamu ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1999 watafiti waliimwaga kwa helikopta kwenye bonde moja, na miti aina ya mepo ikapata nafuu.

Lakini tusiyahamishe ya Marekani moja kwa moja hadi Geita au kisiwa cha Rubondo, huku Ziwa Victoria. Udongo mwingi wa kitropiki ni mkongwe, umeoshwa kwa karne nyingi, na mara nyingi kinachopungua ni fosforasi, kirutubisho kingine cha mimea. Msitu wa namna hiyo ukiongezewa naitrojeni haunufaiki sana. Isitoshe, majivu ya mashamba yana kalsiamu na potasiamu, hupunguza asidi. Ila si zawadi: ni rutuba ya shamba la mtu iliyopeperushwa.

Na sehemu ya vinavyotua haiangukii msituni. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800, na fosforasi itokayo angani ni sehemu kubwa ya ile inayoingia ziwani. Hiyo haipiti mto wala bonde la matete ambalo lingeweza kuichuja. Inatua majini moja kwa moja, na mwani unaitumia.