Nguvu za kubeba magunia hazitoshi kwenye mkeka

Haupiti mwezi hapa Katuba, Lubumbashi, bila mzazi kuniletea kijana mwenye mabega mapana. "Kocha, huyu mutoto iko na nguvu sana, umutume Ulaya." Kijana anapakia magunia ya unga sokoni. Baba ameshaona kachi, ile mieleka ya maonyesho, watu wakibwagwa huku dawa zikifuka moshi, na kwake mieleka huru ya Olimpiki ninayofundisha ni hiyohiyo. Nimeshaeleza vya kutosha kwa mdomo, sasa naandika.

Kanuni zenyewe si ngumu. Vipindi 2 vya dakika 3. Kumwangusha mtu na kumdhibiti ni pointi 2, kumsukuma nje ya duara ni 1. Ukimzidi kwa 10, au mabega yake yote mawili yakabanwa kwenye mkeka, pambano limekwisha.

Kinachokula miaka ni mikono. Nakushika shingo kwa kushoto, kifundo cha mkono kwa kulia, nakuvuta hadi uzito wako uhamie mguu wa mbele. Mguu uliousimamia huwezi kuuondoa upesi, na hapo ndipo ninaposhuka: goti langu chini, kichwa kimekubana mbavuni kwa ndani, mikono imefungana nyuma ya goti lako. Nikiinamisha kichwa tu, utarusha miguu nyuma na kunilalia mgongoni, na nguvu zangu zote zitaishia kukubeba. Gunia halimfundishi mtu hayo, maana gunia halivuti mkono wala halirushi miguu nyuma. Mtazameni Buvaisar Saitiev wa Urusi, dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996, 2004 na 2008 katika kilo 74: mwembamba, mikono mirefu, ungekutana naye njiani hungemdhania. Aliwachosha wenye misuli kwa kuwashika mikono.

Halafu kuna mizani, ambayo wazazi hawaiulizi kabisa. Ubingwa wa dunia una uzito 10 kwa wanaume, Olimpiki ya Paris 2024 ilikuwa na 6 tu: 57, 65, 74, 86, 97 na 125. Kijana mwenye kilo 61 hana pa kukaa kwenye Olimpiki. Ashuke 57, aache bukari, ugali wetu, akimbie juani na koti zito, au apande 65 akutane na watu ambao siku za kawaida wana kilo 70. Vinesh Phogat wa India alifika fainali Paris katika kilo 50. Asubuhi ya siku ya pili mizani ikamkuta na gramu 100 za ziada, akaondolewa bila medali yoyote. Vitabu vinasema punguza polepole na itakuwa salama. Mimi nina shaka. Nimeona vijana waliopunguza polepole kabisa wakaingia mkekani mikono haishiki. Siku hizi walio bado wanakua nawapandisha, ingawa makocha ninaowaheshimu wananilaumu.

Na njia ya kwenda Olimpiki ni nyembamba. Kwenye mchujo wa Afrika na Oceania kule Alexandria, Machi 2024, kila uzito ulitoa tiketi 2. Ukipoteza nusu fainali, umebakiwa na mchujo wa dunia, pamoja na Waturuki na Wairani.

Mwanamieleka Blessing Oborududu wa Nigeria alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 32. Kwa hiyo, papa, ukimleta kijana wako usiniulize ataondoka lini. Mlete jioni, avue viatu, tuanze na mikono.