Baridi ya Makete si ya Winnipeg: mavazi kwa wanaokwenda kusoma ng'ambo

Vijana wa Makete na Uyole wanaopita zahanati ya chuo chetu hapa Mbeya kupimwa afya kabla ya safari ya masomo huniambia, "Daktari, baridi naijua." Kweli wanaijua. Juni na Julai sakitu huanguka Kitulo, majani ya viazi yakaungua. Lakini baridi yetu ni ya usiku, jua likipanda inakimbia. Winnipeg kule Kanada, au Harbin kaskazini mwa China, usiku wa Januari kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na mchana hakuna nafuu kubwa. Baridi pamoja na upepo vikifikia makali ya nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30.

Kinachowaponza wengi ni pamba. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki upesi, na nguo mbichi hunyonya joto la mwili. Ndani vaa sufu nyepesi au poliesta, katikati sweta zito, juu koti lisilopitisha upepo wala maji. Darasani kuna joto, kwa hiyo ukiingia punguza nguo mapema, usitoke jasho.

Sweta za sufu zitafute kwenye mitumba Mwanjelwa kabla hujaondoka. Lebo imekatwa? Mwombe muuzaji uzi mmoja, uuwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Pamba hunuka karatasi. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Koti na buti nunua hukohuko. Masomo yakianza Septemba, bado una wiki kadhaa. Buti lipime ukiwa na soksi nene, vidole vicheze. Likibana, damu haifiki vizuri na miguu itapoa hata ukivaa soksi tatu. Usisahau mzula unaofunika masikio, na glavu.

Ile desturi ya kuingiza jiko la mkaa chumbani usiende nayo. Hata hapa nyumbani nawasihi muiache, hewa yake inaua watu usingizini.

Kidole kikifa ganzi, kikapauka na kuwa kigumu, usikisugue, wala usikisogeze kwenye moto au hita: hakina hisia, utakiunguza bila kujua. Ingia ndani, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.