Mjomba aingie au abaki nje?

Watu wakisikia nafundisha unasihi, yaani ushauri nasaha, Mtwara, swali la kwanza huwa mapepo: je, wanafunzi wako wanaamini? Wapo wanaoamini na wapo wasioamini, na wanafanya kazi pamoja vizuri tu. Kinachowagawa hasa ni nani ana haki ya kusikia maumivu ya mtu.

Mwanafunzi aliyelelewa Newala, kwenye ukoo wa Kimakonde unaofuata upande wa mama, anajua kwamba jambo zito la mpwa humfikia mjomba. Binti aliyechezwa unyago ana somo wake, mwanamke aliyemfunda, na yapo mambo atakayomwambia huyo kabla ya mama mzazi. Basi tukiigiza mazungumzo ya mnasihi na mteja, mwanafunzi huyu huuliza mapema: "Nyumbani nani anajua?" Mwenzake wa Dar es Salaam hushtuka. Kwake, huko ni kuvunja usiri.

Vitabu vinamuunga mkono huyu wa pili. Unasihi unaomweka mteja katikati, alioujenga Carl Rogers nchini Marekani miaka ya 1940 na 1950, unaanza na mtu mmoja anayejiamulia mwenyewe. Naupenda na naufundisha kwa moyo wote. Lakini haunisaidii sana kwa kijana aliyetoka Nanyamba na mjomba wake, mjomba amekaa nje kwenye benchi, ndiye aliyetoa nauli, na ndiye atakayeamua kama kijana atarudi.

Hapo huwapa wanafunzi maswali ya Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, aliyoyaandika miaka ya 1970: Tatizo hili unaliitaje? Unadhani limeletwa na nini? Kwa nini lilianza wakati ule? Unaogopa nini zaidi? Mteja akisema amerogwa, hatumbishii wala hatumthibitishii, tunaendelea kuuliza. Majibu yake yataonyesha anamwamini nani na anamhofu nani. Kisha, akiwa peke yake, tunamuuliza kama mjomba aingie. Lazima awe peke yake, maana mara nyingine anayemuumiza ni huyo huyo aliyemleta.

Kukiwa na dalili za kutaka kujiua, usiri una mpaka, na mteja huelezwa hivyo tangu kikao cha kwanza. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, Ligula kwa walio mjini.

Ninachodai darasani ni hiki: wa Dar ajifunze kumwamkia mjomba kwa shikamoo na kumuuliza habari za korosho kabla ya kumwomba atupishe. Wa Newala naye ajifunze kukaa na siri ya mtu bila kuipeleka kwa mkubwa yeyote.