Muulize pia atakayekulaza usingizi

Anayejiandaa kwa upasuaji wa urembo kwa kawaida ameshamchunguza daktari mpasuaji vya kutosha. Ametazama picha za kabla na baada, amesoma sifa alizomwagiwa na wateja, pengine amemfuatilia mitandaoni miezi mingi. Ukimuuliza ni nani atakayemlaza usingizi na kukaa kichwani pake saa zote za upasuaji, mara nyingi hana jibu. Mimi ni daktari bingwa wa usingizi na ganzi, na kukaa kichwani pa mgonjwa ndiyo kazi yangu. Ndugu yangu akinijia leo akisema anataka kupunguza tumbo au kuongeza matiti, jambo la kwanza nitakalomsihi ni aulize habari za mtu huyo kabla hajalipa chochote.

Wanaofanyiwa upasuaji wa aina hii wengi ni watu wazima wa afya, na wengi hupona vizuri. Lakini madhara makubwa yanapotokea, hayaanzii kwenye ngozi. Huanzia kwenye pumzi, kwenye moyo na kwenye damu. Kovu baya linaweza kurekebishwa baadaye. Ubongo uliokosa oksijeni kwa dakika chache haurekebishiki.

Kwa hiyo uliza waziwazi. Atakayenipa dawa ya usingizi amesomea kazi hiyo, na atakuwa chumbani mwanzo hadi mwisho? Au ni mpasuaji huyohuyo atakayenichoma sindano kisha ageukie kisu? Hakuna mtu awezaye kupasua huku akilinda pumzi ya aliyelala. Usitulizwe na maneno ya “utasinzia kidogo tu”. Dawa zilezile za kusinzisha, zikizidi kiasi kidogo, humfikisha mtu kwenye usingizi mzito ambao ulimi unaanguka nyuma na njia ya hewa inaziba. Uliza kama wana kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, na kama wana kile kinachopima hewa ya ukaa unayoitoa kila unapopumua. Hicho cha pili hugundua kwamba pumzi imesimama kabla oksijeni haijaanza kushuka, na dakika hizo ndizo zinazookoa. Uliza pia ukizidiwa utapelekwa hospitali gani, kwa gari gani, na kama hospitali hiyo imekubali kuwapokea wagonjwa wao. Nawaambieni kwa dhati, maswali haya hayamuudhi anayeijua kazi yake. Anayeudhika amekwisha kukujibu.

Kuhusu mpasuaji mwenyewe nitasema machache. Katika nchi nyingi daktari yeyote mwenye leseni anaweza kujiita daktari wa urembo, hata kama hajapitia miaka ya mafunzo ya upasuaji. Australia ililiona tatizo hilo, na mwaka 2023 ikabadilisha sheria ili jina la daktari mpasuaji lisitumiwe na asiyesomea upasuaji. Mwaka huohuo baraza lao la madaktari liliweka masharti kwamba anayetaka upasuaji wa urembo aje na barua ya daktari wake wa kawaida, aonane na mtoa huduma angalau mara mbili, kisha zipite siku 7 baada ya kuridhia ndipo tarehe ipangwe. Nayapenda masharti hayo, na hakuna kinachokuzuia kujiwekea mwenyewe hata kama nchi yako haina. Tafuta jina la daktari kwenye orodha ya baraza la madaktari la nchi anakofanyia kazi, uone amesajiliwa kwa ubingwa gani. Na ukiambiwa punguzo la bei linaisha kesho, ondoka. Duka linaweza kuuza kwa haraka. Chumba cha upasuaji hapana.

Kuna upasuaji ambao hatari yake ni lazima uielewe kwa undani, nao ni wa kuhamishia mafuta makalioni. Mwaka 2018 vyama kadhaa vya madaktari wa upasuaji rekebishi vilitoa onyo la pamoja, vikikadiria kwamba vifo vyake huenda vikafikia mtu 1 katika kila 3,000, kiwango kilicho juu kuliko upasuaji mwingine wowote wa urembo. Chanzo chake kinajulikana. Ndani ya msuli wa kalio mna mishipa mikubwa ya vena. Mrija wa kuingizia mafuta ukizama msulini na kujeruhi mshipa, mafuta huingia kwenye damu, hupanda hadi kwenye moyo na mapafu, na mgonjwa anaweza kufa palepale mezani. Katika waliochunguzwa baada ya kufa, mafuta yalikutwa msulini. Ndiyo sababu mwongozo unasema mafuta yabaki chini ya ngozi, juu ya msuli, na madaktari wa Uingereza mwaka 2022 wakaongeza kwamba ncha ya mrija ionekane kwa mashine ya ultrasaundi muda wote. Muulize mpasuaji wako anaweka mafuta wapi, na anajuaje kwamba yapo hapo. Silikoni ya maji inayochomwa kwa sindano makalioni au matitini ni habari nyingine kabisa. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijawahi kuidhinisha matumizi hayo na ilitoa onyo la hadharani mwaka 2017. Hiyo usiikubali kwa mtu yeyote, mahali popote.

Kunyonya mafuta nako kuna mipaka. Yakizidi lita 5 kwa mara moja, mwili hupoteza na kuhamisha maji mengi kiasi kwamba mgonjwa anastahili kulala hospitali akiangaliwa. Ganzi inayochanganywa kwenye maji yanayoingizwa chini ya ngozi huendelea kunyonywa na damu kwa saa nyingi, na ikizidi huathiri ubongo na moyo wakati ambapo wewe ungekuwa umesharudi nyumbani. Vivyo hivyo na tamaa ya kumaliza yote kwa siku moja: tumbo, matiti, mikono na mgongo. Kila saa inayoongezeka mezani inaongeza baridi mwilini, damu inayopotea na uwezekano wa damu kuganda miguuni. Binafsi humshauri mtu agawanye mara mbili.

Sasa upande wako. Mimi siwezi kukulinda dhidi ya jambo ulilonificha, na watu hunificha mengi kwa kuogopa kuahirishiwa.

Sigara ndiyo ya kwanza. Katika kupunguza tumbo, kuinua matiti au kuvuta ngozi ya uso, mpasuaji huibandua ngozi kutoka kwenye nyama iliyo chini yake, ikabaki ikilishwa na mishipa michache midogo. Nikotini huibana mishipa hiyo. Matokeo yake ukingo wa ngozi hugeuka mweusi, hufa, na kidonda hufumuka. Acha angalau wiki 4 kabla na uendelee kuacha wiki 4 baada. Sigara ya kielektroniki, shisha, ugoro na vibandiko vya nikotini vyote vimo, kwa kuwa mishipa haijali nikotini imepitia wapi.

Halafu sindano za kupunguza uzito, kama semaglutidi. Siku hizi anayekuja kunyonya mafuta mara nyingi ameshazitumia, na hazitaji kwa sababu haoni uhusiano. Uhusiano upo. Dawa hizi hulifanya tumbo lichelewe kutoa chakula. Mtu anaweza kufunga kula kama alivyoagizwa na bado chakula kikawa tumboni. Akilala usingizi mzito, kinga ya koo hulegea; chakula na asidi vikipanda, huingia mapafuni. Kuiacha jana yake hakusaidii, maana semaglutidi huchukua takriban wiki nzima kupungua kwa nusu mwilini. Nitajie mapema, tupange. Kwa asiyetumia dawa hizo, kanuni ya kawaida ni kuacha chakula chepesi saa 6 kabla, vyenye mafuta mengi saa 8, na maji matupu saa 2. Anayekula “kidogo tu” asubuhi ya upasuaji anahatarisha maisha yake mwenyewe, na nikijua nitaahirisha.

Aspirini, ibuprofeni, mafuta ya samaki, vidonge vya vitunguu saumu, vya mmea wa ginkgo na vya vitamini E vinaweza kuongeza kuvuja damu. Niambie pia miti shamba unayokunywa, hata kama huijui jina. Lakini dawa uliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo au kiharusi usiiache kwa uamuzi wako. Hilo tunaliamua pamoja na aliyekuandikia. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda, kwa hiyo vitaje, na utaje kama wewe au ndugu wa damu aliwahi kupata bonge la damu mguuni au mapafuni. Kama kuna ndugu aliyepata matatizo na dawa ya usingizi, akapanda joto ghafla au akafa mezani, nataka kulisikia hilo kabla ya kingine chochote: kuna hali ya kurithi ambayo baadhi ya gesi za usingizi huichochea, na dawa yake, dantrolini, lazima iwepo chumbani. Selimundu, kisukari, pumu, kukoroma kwa kukatika pumzi, makovu yanayovimba, uwezekano wa ujauzito, vileo na dawa za kulevya, vyote nitavihitaji. Sikuulizi nikuhukumu. Ninapanga dozi.

Wanaosafiri kwenda nchi nyingine waongeze hesabu moja: matatizo mengi hujitokeza baada ya kupanda ndege. Kukaa saa nyingi bila kuinuka muda mfupi baada ya upasuaji ni mwaliko kwa damu kuganda. Vidonda navyo vinaweza kuingiwa na bakteria wakaidi, wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu, na majipu yakaja wiki kadhaa baadaye. Marekani iliripoti visa hivyo kwa watu waliotoka kufanyiwa upasuaji Jamhuri ya Dominika. Kabla ya kukata tiketi, jua daktari wa nyumbani atakayekupokea ni nani, na urudi na nakala ya taarifa ya upasuaji. Ukiwekewa matiti ya silikoni, dai kadi yenye jina la mtengenezaji na namba. Ilipogundulika mwaka 2010 kwamba kampuni ya PIP ya Ufaransa ilitumia silikoni ya viwandani, kadi hiyo ndiyo iliyoweza kumjulisha mwanamke alichonacho kifuani.

Siku yenyewe, njoo bila rangi ya kucha, kucha za bandia, lenzi za macho wala vito. Mpasuaji akuchore alama ukiwa macho na umesimama. Timu nzuri itakuuliza tena jina lako na unachofanyiwa, hata kama mmezungumza jana. Hiyo ni sehemu ya orodha ya ukaguzi ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2008, na inapaswa kusomwa kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya kutoka chumbani. Awepo mtu mzima wa kukusindikiza na kulala nawe usiku wa kwanza. Mpe namba ya simu ya timu ya upasuaji inayopokelewa usiku, na uijaribu kabla ya siku hiyo. Mwambie ukishindwa kupumua vizuri, ukipata maumivu ya kifua, mguu mmoja ukivimba na kuuma, ukichanganyikiwa au damu ikiloanisha bandeji bila kukoma, asisubiri kunipigia mimi wala mpasuaji. Akupeleke hospitali kwanza, simu ipigwe mkiwa njiani.