Kwa nini mchezaji hodari wa gofu hukwepa kulenga bendera?

Kila Aprili, mashindano ya Masters yakichezwa kule Augusta, Marekani, wapenzi wa gofu wa Kisumu na Nakuru hubishana kuhusu shimo la 12. Ni fupi, yadi 155 tu kutoka pa kuanzia, lakini limewaliza mabingwa wengi.

Mbele ya grini, yaani uwanja wa nyasi fupi wenye kishimo na bendera yake, pana kijito, nyuma kuna banka, yaani shimo la mchanga. Grini yenyewe ni nyembamba na imekaa mshazari, upande wa kulia ukiwa mbali kuliko wa kushoto. Siku ya mwisho, bendera kwa kawaida huwekwa huko kulia.

Hapo ndipo mtego ulipo. Anayetumia mkono wa kulia akikosea, mpira hauendi ovyo ovyo. Uso wa fimbo ukifunguka kidogo, yaani ukigeukia kulia, mpira hukata kulia, hupaa juu na kuanguka mapema. Ukijifunga, mpira huenda kushoto, chini chini, tena mbali. Kwa hiyo makosa ya kulia huwa mafupi na ya kushoto marefu, ilhali grini inadai kinyume chake kabisa! Ukiilenga bendera ile, kosa dogo tu linakutumbukiza majini.

Mwaka 2016 Jordan Spieth alianza mashimo tisa ya mwisho akiongoza kwa mikwaju mitano. Kwenye la 12 alizamisha mipira miwili, akaandika 7 kwenye shimo linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitatu. Mwaka 2019 aliyekuwa akiongoza, Francesco Molinari, naye aliupeleka mpira majini. Tiger Woods akaiacha bendera, akapiga kuelekea katikati ya grini, akatoka na 3 yake na hatimaye taji. Kwangu mimi, huo ulikuwa mkwaju wa maana kuliko yote aliyopiga siku hiyo.

Ukitaka kuiga, piga mipira kumi kwa fimbo moja, kisha uangalie yote ilikoangukia, hata ile ya aibu. Lengo lako uwanjani lipimwe kwa rundo hilo zima, na katikati yake ikae mbali na maji.

Usisahau hewa pia. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na alasiri upepo hutoka ziwani. Nakuru iko kama mita 1,850, hewa ni nyepesi zaidi, na mkwaju uleule huongeza mita kadhaa. Mgeni kutoka Kisumu apige kwanza mipira michache ya majaribio kabla ya kuamini fimbo aliyoizoea.