Kikojozi wa ghafla, na mengine tunayodanganyana kuhusu kisukari cha watoto

Kila ikifika tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, mji unavaa bluu. Matembezi, tisheti, mgeni rasmi kachelewa masaa mawili, watu wanapimwa sukari na presha chini ya turubai halafu zinagawiwa soda (ndio, soda, nimeona kwa macho yangu haya). Mimi huwa natembea na wenzangu na wala sijutii, ila baada ya kujitolea kwenye hizi kampeni hapa Tanga miaka kadhaa nikaja kugundua wanaopimwa pale turubaini ni watu wazima watupu, mtoto hapimwi, na ukimwambia mtu kwamba mtoto wa miaka 6 anaweza kuwa na kisukari anakuangalia kama umemtukana. Kwahiyo siku hizi tukitoka, iwe kijiwe cha bodaboda, kikao cha vikoba au uani kwa madrasa baada ya alasiri, hatuanzi na hotuba, tunauliza tu jamani nyie mmesikiaje kuhusu sukari ya watoto? Hapo sasa ndo utasikia mambo.

"Mtoto apate sukari kaitoa wapi, huo ugonjwa wa wazee wenye vitambi"

Hii haikosekani hata siku moja. Ukweli ni kwamba kuna kisukari aina ya kwanza na hicho kinawashika sana watoto na vijana, hata mtoto wa mwaka mmoja anapata. Kinachotokea ni kinga ya mwili yenyewe kukosea, badala ya kupiga vijidudu inazigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Wenzangu wa bandarini huwa nawaelezea hivi, sukari iliyoko kwenye damu ni kama mzigo ulioshushwa gatini umejaa pomoni ila makuli hawapo, sasa mzigo unaoza pale na huku mjini watu wanalala njaa. Insulini ndo makuli. Mwili ukiona sukari imezidi kwenye damu unaanza kuimwaga kwa njia ya mkojo, na sukari haitoki peke yake inatoka na maji, ndo maana mtoto anakojoa sana, anakunywa maji kama ngamia, anakula vizuri tu lakini anakonda.

"Mama yake alimzoesha mapipi"

Hapa ndo huwa napandisha sauti. Jina lenyewe limetuponza, tumeuita ugonjwa wa sukari basi kila mtu anatafuta nani alimpa mtoto sukari, na anayehukumiwa ni mama, na nimeshakaa na mama analia kabisa anahesabu biskuti alizomnunulia mwanae tangu aanze chekechea. Dada, aina ya kwanza haiji kwa pipi wala biskuti wala chai ya maziwa, hakuna kitu ungefanya ikazuilika. Ya kuhusiana na uzito ni aina ya pili, na hiyo nayo siku hizi inaanza kuonekana kwa vijana wa sekondari wanaoshinda wamekaa, chipsi mayai na soda kila siku, kwahiyo maneno ya kupunguza vitu vitamu na kucheza yana mahali pake, ila usiyachukue ukamhukumia mama wa mtoto wa miaka 4 aliyekonda kama njiti.

"Mtoto mkubwa anakojoa kitandani, huo uvivu, au kachezewa"

Sasa hapa ndo penyewe, na ningekuwa na uwezo ningefanya kampeni ya hili moja tu nikaacha mengine yote.

Kikojozi kwetu ni neno la kuchekwa. Mtoto anaimbiwa, anabebeshwa godoro juani majirani waone, wengine wanachapwa, wengine wanafungwa hirizi. Na kwa kikojozi wa siku zote, ambaye hajawahi kuacha, mara nyingi ni mambo ya ukuaji na yataisha. Lakini mtoto ambaye alishaacha, analala mkavu mwaka, miaka miwili, halafu ghafla anaanza tena na kila saa anaamka kutafuta maji, huyo asichapwe, huyo apimwe sukari leo, sio Jumatatu.

Kuna mji Italia unaitwa Parma (ndio kule kwenye jibini) walifanya kitu mwaka 1991 ambacho mimi nakipenda kupita maandamano yote. Walichapisha bango lenye ujumbe huohuo, kwamba mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani huenda ni kisukari, wakalibandika mashuleni na kwa madaktari wa watoto, na hao madaktari wakapewa vipimo vya kupimia palepale. Kabla ya hapo kati ya kila watoto 100 waliogundulika na kisukari mkoani kwao, 78 walikuwa wanafika hospitali wameshazidiwa, damu imejaa asidi. Miaka ya kampeni ikashuka hadi 12 na nusu, na mikoa jirani ambako bango halikupelekwa hali ikabaki vilevile mbaya. Bango tu! Hakuna mgeni rasmi.

Bibi mmoja tulikutana nae kwenye kikao akasema yeye zamani alijua mtoto ana shida kwa kuona sisimizi wanajazana pale alipokojoa. Vijana wakacheka. Nikawaambia msicheke, waganga wa India ya kale walikuwa wanautambua ugonjwa huu hivyohivyo, sukari ikiwa kwenye mkojo wadudu wataifuata. Ila tusisubiri sisimizi jamani, kipimo kinatumia tone moja la damu na jibu linatoka kwa sekunde. Mtoto mwenye hizo dalili akisoma 11.1 mmol/L au zaidi, hata kama katoka kula, hakuna kujadili, ni hospitali, hata kama ni usiku.

"Ni malaria hiyo, mpe dawa"

Mpwa wangu alipitia hii. Kaanza kuchoka, kutapika, tumbo linauma, tukamnunulia dawa ya malaria duka moja la dawa, haikusaidia, tukaambiwa UTI, tukanunua tena, siku ya nne anahema kwa nguvu kama katoka kukimbia na mdomo unanuka harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, na mimi naapa nilidhani kala embe. Hiyo harufu ni ketoni. Mwili umekosa sukari ya kutumia ukaanza kuchoma mafuta na taka zake zinageuza damu kuwa asidi. Muda huo wote hakuna aliyemtoboa kidole, sisi hatukuuliza na wao hawakufikiria. Alipona kwa dripu na insulini, leo yuko darasa la saba, ila mimi ndo nilipoanzia kujitolea hapo kwahiyo mtanisamehe nikiongea sana. Sisemi malaria haipo, Tanga malaria ipo. Nasema mtoto akipimwa malaria na sukari ipimwe hapohapo.

"Akishaanza kuchoma sindano ndo basi, anakuwa mtumwa wake"

Eti kama teja. Watu wanaichelewesha insulini kwa uoga huu, wanajaribu kwanza mlonge, mwarobaini, mdalasini, maji ya bamia. Sikilizeni, insulini sio kitu kigeni, wewe unaenisoma unatengeneza ya kwako sasa hivi bila kujua. Mtoto huyu hatengenezi, kwahiyo tunamrudishia kinachokosekana, na haipo kwa vidonge kwasababu tumbo litaimeng'enya kama nyama. Zamani kabla haijapatikana mtoto wa aina hii alikuwa anafungishwa njaa ili aishi miezi kadhaa zaidi, basi. Januari 1922 kule Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson alikuwa amebaki na kilo kama 29 hivi, ndo akawa binadamu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, akaishi miaka 13 mingine. Na hiyo tarehe 14 Novemba tunayotembea ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa walioigundua. Kwahiyo tunaadhimisha sindano halafu tunaiogopa.

Bei nayo inawaogopesha watu, najua. Kuna programu inaitwa Changing Diabetes in Children iliyoanza 2009, Tanzania imo, watoto wanapata insulini na vipimo bure kwenye kliniki zake. Uliza hospitali ya mkoa ni siku gani kliniki ya watoto wenye kisukari.

"Ameombewa, kapona, dozi imeshuka yenyewe"

Hii inaua kimyakimya. Mtoto akianza insulini, baada ya wiki chache zile seli zilizobaki kwenye kongosho zinapata nafuu zinafanya kazi kidogo, dozi inapungua, mtoto kanenepa anacheka. Madaktari wanaita fungate, na kama fungate zote ina mwisho. Sasa ikikutana na maombi au na dawa ya mganga wa Muheza, sifa zinaenda huko na sindano inatupwa. Omba, mimi mwenyewe naswali, ila chupa ibaki palepale na daktari ndo aamue dozi.

"Mwenye kisukari sukari ni sumu kwake"

Kuna saa sukari ndo dawa. Mtoto kachoma insulini halafu hakula, au kacheza mpira sana, sukari inashuka chini ya 4 mmol/L, anatetemeka, jasho, anaongea visivyoeleweka, anakuwa mkali, na pale kuna shangazi au dada wa kazi anamnyang'anya juisi mkononi "wewe si una sukari!" Hapana. Mpe haraka vijiko vya chai vitatu vya sukari kwenye maji, mdogo sana mpunguzie, au nusu glasi ya soda ya kawaida, sio zile zisizo na sukari. Dakika 15 pima tena, bado iko chini rudia, ikipanda mpe kitu cha kushiba. Kama kazimia usimmiminie kitu mdomoni atapaliwa, mlaze ubavu na mkimbize hospitali, hiyo bodaboda iliyo karibu ndo gari la wagonjwa. Ndo maana tunaenda vijiweni kwao kwanza.

Na kwa chakula cha kila siku mtoto anakula kinachopikwa nyumbani. Ugali, wali, ndizi, vyote vinageuka sukari tumboni, dona inapanda polepole kuliko sembe, lakini kinachotakiwa ni kujua kiasi na kulinganisha na dozi, sio kumpikia chungu chake kama kafungiwa eda.

Haya mengine nitayapita haraka. Inaambukiza? Haiambukizi, mpe kikombe. Msichana hataolewa hatazaa? Anaolewa na anazaa, akiitunza sukari yake na kumuona daktari mapema kabla ya mimba. Hatacheza mpira? Nacho, aliyekuwa beki wa Real Madrid, aligundulika ana miaka 12, daktari mmoja akamwambia mpira basi, akaja kubeba Ligi ya Mabingwa mara 6. Wapenzi wa Barca mtanisamehe.

"Hatuna friji kwahiyo insulini haitukai"

Chupa ambayo haijafunguliwa ni kweli inataka friji, mwachie jirani mwenye nayo au iache kliniki uchukue kidogokidogo. Ila iliyofunguliwa inakaa kwenye chungu. Chungu cha udongo kile cha maji, ndani yake weka kingine kidogo, katikati mchanga uliolowa, funika, weka kivulini. Utafiti uliotoka 2021 wa Madaktari Wasio na Mipaka na chuo kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, Kenya, likawa linacheza kati ya nyuzi 25 na 37, wakaijaribu insulini maabara kwa joto hilohilo wiki 4 nguvu yake haikupungua. Kinachoiharibu ni jua la moja kwa moja, gari lililofungwa vioo na kuganda barafu, ikiganda mara moja tu itupe.

"Asiyefunga Ramadhani kaasi"

Kwetu pwani swali hili lazima. Mgonjwa ana ruhusa kwenye Kurani yenyewe, sura ya Baqara, na kwa mtoto wa aina ya kwanza kufunga kuna hatari ya sukari kushuka mchana na kupanda usiku baada ya futari zetu hizi za viazi vitamu na kaimati. Wapo vijana wakubwa wanafunga kwa mpango wa daktari na kupima mara nyingi, na kutoboa kidole hakufunguzi. Ikishuka anafungua palepale hata kama imebaki nusu saa adhana iadhiniwe. Ustadhi wa madrasa tunayokwenda alilisema hili mwenyewe mbele ya watoto, na lilisikika kuliko mimi nilivyolisema mara tano.

Shuleni bado tunapambana. Mwalimu alikuta sindano kwenye begi la binti akaitisha wazazi kwa madawa ya kulevya, mwingine anamkatalia mtoto kwenda chooni mara ya tatu kwa kipindi kimoja. Kwahiyo mwaka huu tumeamua hela ya tisheti iende kwenye karatasi moja ya kubandika ofisi ya walimu na mlango wa choo, juu imeandikwa anakunywa sana, anakojoa sana, anakonda, anachoka, na chini mchoro wa kitanda kilicholowa. Mchoraji wetu ni yule mpwa wangu. Kachora na sisimizi wawili pembeni ya kitanda, hatukumwambia.